Kidichi na Mikono Iliyotoka Mbali

Mgeni anayefika Kidichi siku hizi huoneshwa mambo mawili: mashamba ya viungo na hamamu. Hamamu ile ilijengwa mwaka 1850 kwa amri ya Seyyid Said bin Sultan, kwa ajili ya mkewe aliyetoka Uajemi, na nakshi za kuta zake ni za mtindo wa kwao. Waongozaji watalii husimulia habari za binti yule wa kifalme kwa ufasaha mkubwa. Waliolima mikarafuu iliyoizunguka hamamu hawasimuliwi sana, ingawa wao pia walitoka mbali.

Huwakumbuka watu hao kila yanapoletwa mapendekezo ya kubadili masharti ya vibali vya wafanyakazi na wanafunzi wa kigeni. Mjadala huendeshwa kana kwamba jambo lenyewe ni jipya. Lakini swali la nani akae Unguja, na kwa sharti gani, lilikwishajibiwa kwa maandishi tarehe 6 Aprili 1897.

Siku hiyo Sultani Hamoud bin Mohammed, akisukumwa na Waingereza, alitoa amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa. Skulini tulifundishwa amri hiyo kwa sentensi moja: utumwa ulikwisha. Ukiisoma yenyewe, utakuta mengine. Bwana aliyempoteza mtumwa wake kihalali aliahidiwa fidia. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru, na akishaupata athibitishe kuwa ana makaazi maalumu na njia ya kujikimu. Akishindwa, angehesabiwa mzururaji. Mtu aliyeletwa kwa nguvu kutoka bara, akapalilia mikarafuu ya wenzake umri wake wote, sasa aliulizwa anakaa wapi na anakula nini! Si ajabu wengi hawakwenda mahakamani. Walibaki mashambani, wakapatana na wenye ardhi: mahali pa kujenga kibanda na kupanda muhogo, na wao wapalilie mikarafuu.

Mikono haikutosha. Wanyamwezi walivuka bahari kuja kupalilia na kuchuma. Wamakonde walikuja kutoka Msumbiji. Wapo waliorudi kwao baada ya msimu, na wapo waliooa, wakazaa, wakazikwa hapa. Baadhi ya wajukuu wa Wamakonde hao waliishi bila uraia wa nchi yoyote hadi miaka ya karibuni, serikali ilipoanza kuwapa. Kazi ya babu ilihitajika, lakini mjukuu alikosa hata pasipoti.

Mwaka 1964 Mapatano ya Muungano yaliuweka uraia na uhamiaji katika mambo ya Muungano, na masuala ya kazi yakabaki mikononi mwa Zanzibar. Ndiyo maana mwajiriwa wa kigeni hapa hubisha hodi milango miwili: kibali cha kazi chini ya Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005 ya Zanzibar, na kibali cha ukaazi kutoka Idara ya Uhamiaji. Sheria ya Uhamiaji ya 1995 iligawa vibali vya ukaazi madaraja matatu: A kwa mwekezaji, B kwa mwajiriwa, C kwa waliobaki, mwanafunzi akiwa miongoni mwao. (Mpangilio huo wa herufi hunichekesha kidogo.) Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki imekuwa ikifanya kazi tangu Julai 2010, lakini mwanafunzi wangu mmoja kutoka nchi jirani alikosa vipindi vya wiki mbili akifuatilia karatasi zake.

Sisemi masharti yafutwe. Kisiwa chenye ardhi finyu na vijana wengi wanaotafuta ajira kina haki ya kujiwekea utaratibu, na anayelikataa hilo hajakaa na wazazi wa vijana hao. Ila rasimu yoyote ikinifikia, huanza na vifungu viwili: kile kinachosema nani abebe mzigo wa kuthibitisha, mwajiri au mwajiriwa, na kile kinachoeleza hali ya kibali siku mtu anapoachishwa kazi. Mwaka 1897 mzigo ulikuwa wa mtumwa, na fidia ikawa ya bwana.