Si Hati Yenye Shaka, ni Maoni Yenye Ila

Kila mwaka, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zinapowasilishwa bungeni Dodoma, magazeti hurudia msamiati uleule: taasisi hii imepata hati safi, ile hati yenye shaka, nyingine hati chafu. Wasomaji wamezoea. Mimi nimekataa kuzoea.

Hati imetokana na Kiarabu *khatt*, yaani mwandiko. Kwetu ikawa karatasi ya kuthibitisha haki: hati ya kiwanja, hati ya ndoa, hati ya kusafiria. Ukiipata umeipata, unaifungia kabatini. Mkaguzi hatoi kitu cha namna hiyo. Anatoa maoni ya kitaalamu juu ya jambo moja: je, taarifa za fedha za mwaka zinaonesha kwa haki, katika mambo yote ya msingi, hali ya taasisi? Neno *maoni* tumelizaa wenyewe katika *kuona*, na kuona ndiyo kazi yake. Kwa kuliacha tumewapa wakuu wa mashirika kitu cha kusherehekea, hali hesabu zilizoandikwa kwa usahihi kabisa zinaweza kuwa zinaonesha hasara kubwa.

Kinachoniudhi zaidi ni hiyo shaka. Tuseme mamlaka ya maji imefunga hesabu zake 30 Juni, mkaguzi akazipitia. Mapato sawa, mishahara sawa, mikopo sawa. Fedha inazowadai wateja zimekuzwa kwa shilingi bilioni 2. Huyo hana shaka hata chembe. Kosa analijua lilipo na kiasi chake, naye anaandika kwamba hesabu ni sahihi isipokuwa hapo. Sisi tunamtangaza kuwa ana shaka! Hata pale anapokosa vielelezo vya eneo moja, hulitenga eneo hilo na kusimama imara juu ya mengine. Mwenye shaka hasa ni yule aliyekosa vielelezo kila upande hadi akashindwa kutoa maoni, naye tumempa jina jingine.

Istilahi ninayoitetea ni *maoni yenye ila*. Kiarabu kina maneno mawili mbalimbali. La kwanza, *illa*, ni la kubagua: wote ila mmoja. La pili huanza kwa herufi ain na maana yake ni ugonjwa au dosari. Kiswahili hakitamki ain, hivyo maneno hayo yalipofika kwetu yakakutana katika umbo moja. Ndiyo maana tunasema "wamekuja wote ila Juma", na wazee wakasema kizuri hakikosi ila. Sasa tazama anachofanya mkaguzi: anabagua jambo moja, na analibagua kwa sababu lina dosari. Silabi mbili zimebeba yote mawili. Sijui lugha nyingine iliyopewa zawadi kama hii kwa istilahi hii, nasi tumeiacha.

Kamati moja niliyoipelekea pendekezo hili ilijibu kwa sentensi moja kwamba neno ni la kishairi mno. Haikusema ushairi umeikosea nini hesabu. Yupo pia mwandishi anayeshikilia "maoni yaliyohitimu", akitafsiri neno kwa neno *qualified* ya Kiingereza; huyo amefungua kamusi, lakini ripoti ya ukaguzi hajaifungua.

Wapo wanaoniambia majina hayana uzito. Mwaka 2019 Bunge la Tanzania liliazimia kutofanya kazi na Profesa Mussa Assad, aliyekuwa Mkaguzi Mkuu, na chanzo kilikuwa neno moja alilolihusisha na Bunge hilo, *dhaifu*. Kwa wakaguzi hilo ni neno la kazini. Udhaifu wa mifumo ya udhibiti wa ndani hutajwa katika ripoti zao mwaka baada ya mwaka. Neno la ukaguzi linapoeleweka vibaya nje ya ofisi ya mkaguzi, madhara yake hayaishii kwenye kamusi.

Matumizi ni mepesi: maoni yasiyo na ila, maoni yenye ila, maoni ya kukanusha, na kujizuia kutoa maoni. Ila itajwe palepale: "maoni yenye ila kuhusu madeni ya wateja". Mhariri mmoja aliwahi kuyafuta maneno hayo katika makala yangu na kurudisha "hati yenye shaka". Wasomaji wake, ambao ndio wanaolipa ankara za maji, hawakuambiwa kwamba kosa lilikuwa katika madeni yao wenyewe.