Chungu Si Msitu: Historia ya Maua ya Kivulini ya Afrika Mashariki

Masaka, katika Wilaya ya Kicukiro, ni upande wa jiji la Kigali unaojengwa kila siku. Nyumba ikishaezekwa na ukuta ukisimama, mwenyewe huanza kutafuta maua. Kwenye vitalu vya miche vya huku kwetu nimesikia wateja wengi wakiomba "maua ya kizungu", na mara nyingine muuzaji huwatolea chungu kidogo chenye mmea mfupi, wenye majani mazito ya manyoya laini na maua ya zambarau. Mmea huo ni violeti ya Afrika. Asili yake ni misitu ya Tanzania na Kenya, hasa milima ya Usambara iliyo nyuma ya bandari ya Tanga. Jirani yetu ametoka kwake, akazunguka dunia, akarudi kwetu akiitwa mzungu.

Katika insha hii ninafuatilia safari ya mmea huo na ya wenzake wachache wa kudumu wanaopenda kivuli. Hoja yangu ni kwamba waliofaulu kuotesha maua ya msituni mbali na msitu walifaulu kwa sababu walijifunza kwanza mahali yalipotoka. Kwa hiyo msitu unapofyekwa tunapoteza mambo mawili: mmea wenyewe, na maarifa ya kuutunza.

Tuanze na kivuli. Mmea unaoishi chini ya miti mikubwa hupata mwanga mdogo, lakini hupata vitu vingine: unyevu wa hewa, udongo laini wa majani yaliyooza, na ulinzi dhidi ya jua kali na upepo. Kila msitu una mimea iliyozoea maisha hayo. Katika misitu ya Marekani na Kanada kuna trilliamu, ua la majani matatu na petali tatu, ambalo huchanua majira ya kuchipua kabla miti haijafunga anga kwa majani yake. Mbegu zake husambazwa na sisimizi, na mche huweza kukaa miaka saba au zaidi kabla ya kutoa ua la kwanza. Jimbo la Ontario lilichagua trilliamu nyeupe kuwa nembo yake mwaka 1937. Mwaka 1870 mtunza bustani William Robinson, mzaliwa wa Ireland, alichapisha kitabu The Wild Garden, akiwahimiza watu wapande mimea ya kudumu chini ya miti na pembezoni mwa vichaka, mahali itakapojitegemea, badala ya kuipanga katika matuta ya mapambo yanayobadilishwa kila msimu. Wenye mashamba makubwa waliipenda fikra hiyo. Nao wakataka mimea mipya, ya ajabu, kutoka kila pembe ya dunia. Ndipo macho ya watu wa bustani yalipotua pia kwetu.

Ua la kwanza katika kisa hiki lilipitia Zanzibar. John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza huko, alipeleka mimea mingi katika bustani ya Kew, London. Mmoja ulikuwa wa jamii ya Impatiens, wenye mashina yenye maji na maua mekundu yanayostahimili kivuli. Mwaka 1882 mtaalamu Joseph Hooker aliuita Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar, ambaye wakati huo alikuwa Barghash. Baadaye wataalamu waliona kwamba ni mmea uleule uliokwisha kupewa jina Impatiens walleriana, na jina la Sultani likawekwa kando. Leo ua hilo hupandwa chini ya miti ya bustani katika nchi nyingi, na wachache wanaolinunua wanajua kwamba liliwahi kubeba cheo cha Unguja.

Kirk huyohuyo alikusanya violeti ya Afrika mwaka 1884. Mwaka 1887 akafuata mmisionari W. E. Taylor. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunamfahamu Taylor kwa sababu nyingine: ndiye aliyekusanya methali za Waswahili na kuhifadhi tungo za Muyaka kwa msaada wa Mwalimu Sikujua. Inafaa tukumbuke kwamba mkono uliokuwa ukiandika methali Mombasa ulikuwa pia ukikausha majani ya mimea. Hata hivyo, vielelezo vya Kirk na Taylor havikutosha kuutambulisha mmea huo rasmi kwa wataalamu.

Hilo lilifanyika kupitia utawala wa Kijerumani. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga, alimpelekea baba yake Ujerumani violeti hiyo. Baba alimkabidhi Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover. Mwaka 1893 Wendland akautangaza kwa jina Saintpaulia ionantha. Sehemu ya kwanza inaikumbuka familia ya Saint Paul. Ya pili inamaanisha kwamba maua yake yanafanana na violeti za Ulaya. Mwaka huohuo ukaonyeshwa katika maonyesho ya bustani mjini Ghent, Ubelgiji, na haukupita muda kampuni ya Benary ya Erfurt ikaanza kuuza mbegu zake. Katika jina lote hilo hakuna neno hata moja la watu wa Usambara, ingawa Wajerumani katika mazungumzo ya kawaida waliuita, na bado wanauita, violeti ya Usambara.

Lakini jina halioteshi mmea. Aliyetaka uishi alipaswa kuuliza unavyoishi kwao. Porini, violeti hii hushika miamba yenye unyevu kando ya vijito, ndani ya kivuli. Mizizi yake ni mifupi na hupata maji mara kwa mara, lakini maji hayatuami, kwa kuwa mwamba humwaga yaliyozidi. Kanuni zote za kuitunza ndani ya nyumba zinatokana na picha hiyo. Usiiweke kwenye jua la moja kwa moja. Usiache chungu kisimame ndani ya maji, maana mizizi itaoza. Usimwagie majani maji baridi, maana yatapata madoa. Tumia udongo mwepesi unaopitisha hewa. Ukitaka kuizalisha, kata jani moja lenye afya pamoja na kikonyo chake, ulichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, na baada ya majuma kadhaa miche midogo itachomoza chini yake. Kila sharti ni tafsiri ya jambo fulani lililo kwenye mwamba wa Usambara.

Tafsiri hiyo ilizaa biashara kubwa. Mwaka 1926 kitalu cha Armacost na Royston cha Los Angeles kiliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, na kati ya miche iliyoota kikachagua kumi iliyokuwa mizuri zaidi. Kutokana na uzao huo na ule uliofuata, Wamarekani walipata maelfu ya aina. Nyumba zao zenye joto wakati wa baridi ziligeuka kuwa kivuli cha Usambara cha kutengenezwa. Mwaka 1946 wapenzi wa ua hilo waliunda chama chao cha kitaifa, na bado kipo.

Je, kule milimani kulitokea nini wakati huohuo? Katika miaka ya 1890 walowezi wa Kijerumani walifyeka sehemu za msitu wa Usambara Mashariki ili kupanda kahawa. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti cha Amani, ambacho kilileta miti na mazao mengi ya kigeni kwa majaribio. Baadaye ikaja chai, na ukataji wa magogo. Mtaalamu B. L. Burtt wa Edinburgh, aliyezichunguza violeti hizi kuanzia miaka ya 1940, alieleza aina nyingi ambazo nyingine huonekana katika eneo dogo sana la mlima. Mmea wa namna hiyo hauhitaji janga kubwa ili utoweke. Miti ya bonde moja ikikatwa, jua huingia na mwamba hukauka. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa mwaka 1997, zaidi ya miaka mia moja baada ya ua lake kuanza kuuzwa Ulaya.

Mtu anaweza kunipinga hapa: kama mmea uko salama katika vyungu vya dunia nzima, kuna hasara gani? Jibu langu linatoka hapa Rwanda. Mwaka 1987 mtaalamu wa Kijerumani Eberhard Fischer aligundua kwenye chemchemi ya maji moto ya Mashyuza, kusini-magharibi mwa nchi, yungiyungi dogo kuliko yote duniani, Nymphaea thermarum, ambalo majani yake yanaweza kuwa na upana wa sentimita moja tu. Hili si ua la kivulini, lakini somo lake ni lilelile. Maji ya chemchemi yalipoelekezwa kwingine, makazi yake yalikauka, na kufikia mwaka 2008 hivi lilikuwa limetoweka pale. Mimea michache ilibaki Bonn, na mbegu zikapelekwa Kew. Huko miche ilikuwa ikifa, kwa kuwa ilioteshwa ndani ya maji kama mayungiyungi mengine. Mwaka 2009 mtunza bustani Carlos Magdalena alizingatia maelezo ya makazi ya asili: mmea huu huota kwenye tope lenye unyevu ukingoni mwa maji. Akapandisha udongo hadi usawa wa maji, miche ikapata hewa ya kabonidayoksaidi ya kutosha, ikaishi na kuchanua. Januari 2014 mmoja ukaibiwa palepale Kew. Mwaka 2023 mimea hiyo ikaonekana tena porini nchini Rwanda.

Kisa hiki kinakubali hoja ya mpinzani na kuizidi. Ni kweli, chungu kiliokoa. Lakini kiliokoa kwa sababu kuna mtu aliyeandika habari za tope la Mashyuza kabla halijakauka. Laiti asingeandika, mbegu zingekuwepo na mmea usingekuwepo.

Suala hili haliko Usambara na Mashyuza pekee. Shangazi yangu, ninayeishi kwake Masaka, ana mparachichi mkubwa uani, na chini yake hustawisha kangaga, begonia na violeti tatu. Fundi ameshauri mti ukatwe ili vyumba viwili vya kupangisha vijengwe. Kodi ya vyumba hivyo ingelipa ada yangu. Nilipoutetea mti, shangazi alinijibu, "Mwanangu, kivuli hakilipi ada." Hoja yake ina uzito, na mwanahistoria asiyeisikia ataandika historia ya watu wasiokula. Aliyefyeka msitu ili auze kahawa ng'ambo na mama anayepunguza kivuli ili mtoto asome hawawezi kuhukumiwa kwa kipimo kimoja. Tumemwomba fundi achore upya, chumba kimoja badala ya viwili, tuone kama hesabu itakubali. Hadi ninapoandika, hatujaamua.

Kwa kuhitimisha, ninapendekeza mambo matatu yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, wenye vitalu waandike asili ya mmea kwenye chungu, ili mnunuzi ajue kwamba violeti imetoka Usambara. Pili, tuzalishe mimea ya kivulini kwa majani, vipandikizi na mbegu, wala tusinunue iliyong'olewa msituni. Tatu, sisi tunaosoma Kiswahili tukusanye majina na maelezo ya mimea hii kutoka kwa wazee wanaoishi karibu na Nyungwe, Gishwati na Usambara, jinsi Taylor alivyokusanya methali. Kazi hiyo haiwezi kuahirishwa, kwa sababu mwamba ukikauka na mzee akiondoka, hata chungu kizuri kitakuwa kimekosa wa kukifundisha.