Taka za sumu za Abidjan

Taka za sumu za Abidjan ni mabaki ya petroli iliyosafishwa kwa magadi makali, yaliyoshushwa kutoka meli Probo Koala, iliyokodiwa na kampuni ya Trafigura, na kumwagwa Agosti 2006 sehemu mbalimbali za jiji hilo la Cote d'Ivoire, likiwemo dampo la Akouédo. Michanganyiko ya salfa iliyokuwamo ilinuka kama mayai viza. Maelfu walikimbilia hospitali, na serikali ilitaja vifo 15. Nchi haikuwa na uwezo wa kuteketeza taka za aina hiyo, hivyo iliita wataalamu wa nje. Timu ya Umoja wa Mataifa ilitathmini hatari. Kampuni ya Kifaransa Tredi ikachimba udongo ulioathirika, kisha shehena ikapelekwa Ufaransa kuchomwa. Mkataba wa Basel wa 1989 kuhusu taka hatari unazitaka nchi wanachama kushirikiana kitaalamu hivyo, lakini hapa ushauri ulifika sumu ikiwa tayari imeingia ardhini.