Kwa Nini Mkanda wa Harusi Ulikuwa Mrefu

Mikanda ya harusi iliyorekodiwa Dar es Salaam, Mombasa na miji mingine ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1980 na 1990 ina sifa moja inayokumbukwa na kila aliyewahi kuketi kuitazama: haiishi. Kamera inapita meza hadi meza, inawaangalia walaji mmoja mmoja, kisha inasimama mbele ya foleni ya watoa zawadi mpaka wa mwisho arudi kitini. Waliosomea filamu huuona urefu huo kuwa dalili ya uchanga. Aliyeshika kamera, wanasema, alikuwa rafiki tu wa bwana harusi, hajui kuchagua, ndiyo maana akachukua kila kitu. Hukumu hiyo naona haimtendei haki. Urefu ule ndio uliokuwa kazi yenyewe. Mkanda ulirekodiwa ili uwe ushahidi wa nani alifika, nani alitoa na nani aliinuka kucheza, na rafiki aliyeushuti alilielewa hilo vizuri kuliko fundi wa kukodi.

Ni kweli kwamba kabla ya video mtu alilazimika kuchagua. Studio za picha kama Capital Art Studio, iliyofunguliwa Zanzibar mwaka 1930 na Ranchhod Oza, ziliwapa maharusi picha chache zilizopangwa: wawili wamesimama, wazazi wameketi, mapazia nyuma. Wachache wenye uwezo walipoanza kutumia filamu ndogo za Super 8, zilizotoka mwaka 1965, rili moja ya mita 15 ilikwisha baada ya dakika tatu na ushei, na bado ilibidi ipelekwe maabara ikasafishwe. Kaseti ya VHS, iliyoingia sokoni Japani mwaka 1976, ilibadili hesabu. Kaseti iliyoandikwa E-180 ilibeba saa tatu nzima, haikuhitaji maabara, na ikichomekwa kwenye deki usiku uleule watu walijiona. Tanzania Bara mlango ulifunguka zaidi mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na pamoja na nguo, vipuri na pikipiki zikaingia deki na kamera. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973, lakini Bara haikupata kituo chake cha kwanza hadi mwaka 1994. Kwa miaka kumi hivi, basi, familia nyingi za Bara zilizokuwa na deki ziliwatazama kwenye kioo wacheza karate wa Hong Kong na waimbaji wa Bombay, na Watanzania pekee walioonekana humo mara kwa mara walikuwa jamaa zao wenyewe, wakila pilau.

Hapa ndipo mtu anaweza kusema: kumbe ni kaseti iliyoleta urefu, si desturi. Kama saa tatu zipo, nani ataacha kuzijaza? Hoja hii ina uzito, lakini haielezi jambo moja. Wahariri wa mikanda ile hawakukosa uwezo wa kukata. Waliunganisha deki mbili, wakaweka muziki juu ya sauti ya ukumbi, wakazungushia nyuso za maharusi mioyo na maua, wakazifanya picha zigawanyike na kupinduka kama kurasa. Walikuwa na vifaa na walivitumia, tena kwa bidii, katika kupamba. Ambacho hawakukitumia kumwondolea mtu nafasi yake ni mkasi. Fundi anayejua kuchezea picha namna hiyo, kisha akaiacha foleni ya zawadi iende dakika arobaini bila kuigusa, ameamua, na uamuzi wake una sababu.

Sababu hiyo iko kwenye mwendo wa harusi yenyewe. Harusi ya mjini hulipiwa na watu wengi. Kamati inakaa kila wiki, kadi za michango zinagawiwa, mweka hazina anasoma majina ya waliotoa na ya walioahidi tu. Siku ya siku, MC anaita makundi: upande wa baba, upande wa mama, majirani, wafanyakazi wenzake bibi harusi, kikundi cha akina mama wa kufa na kuzikana. Kila kundi linaingia likicheza, limevaa sare, mmoja ana godoro kichwani, wengine wamekunjua doti za kanga zikapepea, wa nyuma ana sufuria zilizopangwa moja ndani ya nyingine, na bahasha zinashikwa juu zionekane. Kila anayefika meza kuu anapeana mkono na maharusi na, kabla hajageuka, anaiangalia kamera. Mtazamo ule wa nusu sekunde ni wa mtu anayehakikisha ameandikwa. Leo nimetoa kwako, kesho binti yangu ataolewa. Mkanda uko, tutautazama. Haya hayakuletwa na kamera. Margaret Strobel, katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa, ameeleza vyama vya lelemama ambavyo miongo mingi kabla ya video vilikuwa vikishindana kwa ngoma, mavazi na karamu, na ushindani huo hauwezekani bila kukumbuka upande wa pili ulifanya nini. Katika taarabu nako, mwanamke anapoinuka kumtuza mwimbaji, ubeti anaouchagua ni ujumbe, na wapo wanaoangalia ni nani aliyeinuka kwenye ubeti gani. Kabla ya video hesabu hizo zilikaa vichwani mwa watu. Mkanda ulizipa daftari.

Tukilikubali hilo, nafasi ya rafiki inaonekana upya. Mpiga picha wa kukodi anamjua bibi harusi kwa sababu ya shela. Hamjui bibi mzee wa kanga iliyopauka aliyekaa pembeni karibu na mlango, ambaye ndiye aliyemlea baba wa bwana harusi na ambaye, akikosekana kwenye mkanda, kutakuwa na maneno ya mwaka mzima. Rafiki anamjua. Anajua pia shangazi yupi hapatani na yupi, hivyo hatawaweka pamoja kwenye picha. Ndiyo maana hata fundi mwenye jina, akipewa harusi ya watu asiowafahamu, hupewa ndugu wa kusimama begani kwake na kumnong'oneza: yule, huyu, usimsahau yule. Mikono ya rafiki ilitetemeka, taa yake iliyobebwa na kijana mwenye waya mrefu iliwaunguza watu macho, umeme ulipokatika sherehe ikabaki giza na sauti. Kama filamu, kazi yake ina kasoro. Kama kumbukumbu ya watu, ilikuwa mikononi mwa aliyestahili kuishika.

Pingamizi zito zaidi linatoka mwambao, na halihusu ufundi. Kwenye sherehe ya kupamba, wanawake wa Lamu, Mombasa na Unguja huvua mabuibui, hujipamba na kucheza mahali ambapo mwanamume hafiki. Kamera ikiingia pale, inatoka na picha ambazo ukuta wa nyumba ulikuwa umezizuia. Masheikh walilisema, na wanawake wenyewe walilisema kwa ukali zaidi, kwa sababu kaseti hunakiliwa, na nakala haina mlinzi. Heike Behrend ameuchambua mvutano huu kwa kirefu katika Contesting Visibility, kitabu chake cha mwaka 2013 kuhusu upigaji picha pwani ya Afrika Mashariki. Je, hofu hii haivunji madai kwamba mkanda ulikuwa wa jamii? Naona inayakaza. Wanawake wengi hawakuikataa video, waliiwekea masharti: mpiga picha awe mwanamke, kaseti ikabidhiwe mama wa bibi harusi, na baadaye simu zilipoanza kuwa na kamera, ziachwe mlangoni. Walitaka kumbukumbu ya nani alikuwepo, ila ionwe na waliokuwa na haki ya kuwepo. Dada aliyeko Muscat au London ambaye hakuweza kuja alipelekewa nakala kwa mkono wa mtu anayeaminika, akaitazama na mlango umefungwa.

Wapo wanaoithamini mikanda hii kwa sababu nyingine, kwamba baadhi ya walioshika kamera za filamu za Kiswahili miaka ya 2000 walijifunzia harusini. Hilo ni kweli na ni heshima, lakini likifanywa sababu kuu linaipunguza harusi kuwa darasa la kitu kingine.

Jambo la haraka ni hali ya kaseti zenyewe. Kampuni ya mwisho iliyokuwa ikitengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, iliacha kuzitengeneza Julai 2016. Deki zilizobaki zinakufa moja moja, na joto na unyevu wa pwani vinaotesha ukungu kwenye utepe. Wanaojitolea kuhamishia mikanda kwenye kompyuta huombwa na wateja vijana wabakishe dakika kumi nzuri: pete, keki, ngoma ya kwanza. Afadhali kila dakika ihamishwe, pamoja na tarehe ile ya kijani au nyeupe iliyojichapa pembeni mwa picha, kwa sababu walioketi meza za nyuma wengi wamekwisha kufariki na picha yao ya kutembea ni hiyo tu. Mikanda ya kupamba ina swali lake. Faili halifungiki kabatini kama kaseti, na ruhusa ya, tuseme, mwaka 1991 ilitolewa kwa ajili ya kaseti. Kabla ya kuihamisha inabidi kuwaendea wanawake walioonekana humo, au binti zao, na kuwauliza upya. Na wakisema mkanda usihamishwe, uachwe.