Wachaga Vitabuni: Jina la Babu Liko Wapi?

Desemba ikifika, utani ni uleule: "Wachaga wanaenda kuhesabiwa!" Mabasi ya Moshi yanajaa, foleni mjini zinapungua, tunacheka. Ila kuna sehemu moja wazee wengi wa Kichaga hawakuhesabiwa kabisa: kwenye majalada ya vitabu vilivyoandikwa kuhusu wao.

Iko hivi. Mwaka 1902 mmisionari Mjerumani, Bruno Gutmann, alifika Kilimanjaro. Ukitoa miaka michache ya katikati, aliishi huko mpaka 1938, zaidi Old Moshi. Jamaa alijifunza Kichaga, akaketi na wazee, akaandika karibu kila kitu: kihamba, ndoa, mifereji ya maji, mpaka mafunzo ya jando. Mwaka 1926 alitoa kitabu kikubwa cha sheria za Wachaga. Kati ya 1932 na 1938 zikafuata juzuu tatu za mafunzo yao.

Sasa sikia. Mafunzo hayo wazee waliyafundisha kwa mregho, fimbo iliyokatwa alama, na kila alama ina somo lake. Hakuna daftari. Ni fimbo na kichwa cha mzee, basi. Yalipoingia kitabuni, juu ya jalada jina ni moja tu: Gutmann. Kitukuu wa aliyesimulia, akitafuta jina la babu yake kwenye jalada, halioni!

Simpondi Gutmann. Bila yeye mengi yangezikwa na wenyewe. Lakini 1947 Petro Itosi Marealle, wa ukoo wa kimangi wa Marangu, alituonyesha njia nyingine: aliandika "Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera" kwa Kiswahili.

Na usidhani kila kitu kilishaandikwa. Mwaka 1986 Mmarekani Sally Falk Moore alionyesha kwamba hicho tunachokiita "mila" kilikuwa kinabadilika miaka yote, kahawa na mahakama za wakoloni zikiwemo. Kwa hiyo si yote anayoyajua bibi yako leo yamo kwa Gutmann.

Desemba hii, ukimaliza kujipiga picha na mlima, mwekee bibi simu karibu, bonyeza kurekodi, muache aongee. Halafu faili hilo liite kwa jina lake kamili.

Tuanze hapahapa: baba wa babu yako aliitwa nani? Mwandike kwenye koment. Usigugo, mpigie mzee nyumbani.