Kaunta ilipoondoka, mtoto akaachiwa mama

NDUGU msomaji, wale waliokuwa karibu na redio zao wiki iliyopita watakumbuka kwamba tuliahidi kuzungumzia usafi na adabu za watoto wadogo wanaopelekwa dukani. Nadhani wengi walitegemea kwamba tungekaa hapa na kuwasema akina mama. La hasha. Leo tutazungumza kwanza juu ya meza ndefu ya mbao, ile tunayoiita kaunta, kwani bila kuijua habari yake hatuwezi kumhukumu kwa haki mtoto wa miaka mitatu anayeng'ata mkate usiolipiwa.

Mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, duka la vyakula lilikuwa na sura karibu ile ile, liwe la London, Chicago au Zanzibar. Muuzaji upande huu, mnunuzi upande ule, kaunta katikati. Sukari, unga, majani ya chai na biskuti vilikaa nyuma ya mwenye duka ndani ya magunia, mapipa na makopo. Mnunuzi alitaja haja yake. Muuzaji akachota, akapima, akafunga kwenye karatasi. Uchafu ulikuwepo, tena mwingi. Panya waliijua njia ya kwenda kwenye pipa la biskuti kuliko mwenye pipa, na nzi walitua juu ya nyama na jibini bila kuulizwa. Lakini uchafu ule ulikuwa wa mwenye duka, na serikali ilipotaka kuudhibiti ilijua mlango wa kubisha. Marekani ilipitisha sheria yake ya usafi wa vyakula na dawa mwaka 1906, na waliobanwa walikuwa wenye viwanda na wafanyabiashara. Hakuna aliyemtafuta mama wa mtoto. Mtoto alikuwa chini ya kaunta, kidevu hakifiki juu, mikono haigusi kitu.

Kwa maneno mengine, adabu ya mtoto dukani ilikuwa kazi ya seremala.

Ndipo tarehe 6 Septemba 1916, katika mji wa Memphis, jimbo la Tennessee, akatokea bwana mmoja aitwaye Clarence Saunders akafungua duka lenye jina la kuchekesha, Piggly Wiggly. Mnunuzi aliingia kwa mlango wa kuzunguka, akapewa kikapu, akapita katika njia moja iliyopindapinda katikati ya rafu, akachukua mwenyewe alichotaka, na mwishoni akamkuta mtu wa kupokea fedha. Kila kitu kilibandikwa bei. Saunders alipata hataza ya mpango huo mwaka 1917. Lengo lake halikuwa usafi wala adabu. Alitaka kupunguza mishahara ya wauzaji. Utajiri ukamjia haraka, akaanza kujenga jumba la mawe ya rangi ya waridi, kisha mwaka 1923 akapoteza kampuni yake katika vita vya hisa na wakubwa wa New York kabla hata hajahamia humo. Jumba lile leo ni makumbusho. Lakini jambo alilolianzisha halikufa naye. Kazi ya kuchota na kubeba ilihama kutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi, na pamoja nayo, bila mtu kutangaza, ikahama kazi ya kumzuia mtoto.

Bado kilikuwapo kizuizi kimoja, nacho ni uzito. Mama mwenye kikapu mkono wa kulia na mtoto mkono wa kushoto hanunui vingi. Hili lilimkera sana Sylvan Goldman, aliyekuwa na maduka ya Humpty Dumpty katika mji wa Oklahoma City. Alikwisha gundua kwamba mteja huacha kununua si pale fedha zinapokwisha, bali pale mkono unapochoka. Jioni moja mwaka 1936, ofisini kwake, akakitazama kiti cha kukunja. Akafikiri: kiti hiki kikitiwa magurudumu miguuni na vikapu viwili, kimoja juu na kimoja chini, je? Akamwita fundi wake, Fred Young, wakaunda. Mwaka 1937 toroli la kwanza likaingizwa dukani.

Watu wakalikataa! Vijana wa kiume waliona ni jambo la kike. Wanawake walisema wamekwisha sukuma vigari vya watoto vya kutosha nyumbani, hawataki kusukuma kingine dukani. Wazee waliona wanaonekana vikongwe. Goldman, mtu wa biashara kwelikweli, akaajiri watu wa rika mbalimbali, wanaume kwa wanawake, wazunguke na matoroli wakijifanya wanunuzi. Waliokuwa wakiingia wakaona kumbe kila mtu anasukuma. Wakasukuma. Mtu huyu alifariki mwaka 1984 akiwa tajiri mkubwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, matoroli yakatengenezwa ya kuingiana moja ndani ya jingine. Mvumbuzi wa hilo ni Orla Watson wa Kansas City, mwaka 1946. Na kwa kuwa Marekani ya miaka ile ilijaa watoto wachanga, ikaongezwa sehemu ya kukalia mtoto, karibu kabisa na mshikio. Tafakari jambo hili, ndugu msomaji. Mtoto aliyekuwa chini ya kaunta sasa amepandishwa, amegeuzwa uso kwa mama yake, ameketi juu ya waya ambao dakika kumi zilizopita ulibeba kuku wa mtu mwingine, na mbele ya mdomo wake pana chuma kilichoshikwa na viganja vya mji mzima. Kama meno yanaota, atakilamba. Hilo si utovu wa adabu. Ndivyo ufizi unaowasha unavyomwamuru.

Kinachonishangaza ni kwamba Wamarekani hao hao walikuwa wamekwisha kulijua somo hili. Mwaka 1909, jimbo la Kansas, kwa juhudi za daktari Samuel Crumbine, lilipiga marufuku kikombe cha pamoja, kile kilichofungwa kwa mnyororo kwenye mapipa ya maji ya vituo vya reli na shule, ambacho mgonjwa wa kifua kikuu na mtoto mzima walikinywea kwa zamu. Majimbo mengine yakafuata. Miaka isiyofika 40 baadaye, kikombe cha pamoja kilirudi kikiwa na magurudumu.

Ilichukua muda mrefu mpaka wataalamu wakapima. Mwaka 2011, watafiti wakiongozwa na Charles Gerba wa Chuo Kikuu cha Arizona walitangaza matokeo ya kupangusa mishikio na viti vya matoroli 85. Asilimia 72 yalionyesha dalili ya bakteria wa kinyesi. Nisieleweke vibaya: kuwepo kwa bakteria hao si sawa na kusema kila anayeshika ataugua. La uzito zaidi ni uchunguzi mwingine wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2006 na 2007, juu ya watoto wachanga waliougua salmonela na kampilobakta, vijidudu vinavyoleta kuhara kukali. Miongoni mwa mambo yaliyoongeza hatari kwa wachanga hao ni kupakiwa katika toroli pamoja na nyama mbichi au kuku mbichi. Maji ya kuku hudondoka, mtoto hushika, kidole huingia mdomoni. Njia ni fupi hivyo.

Na kuna kuanguka. Kwa hesabu iliyotolewa mwaka 2014, watoto zaidi ya 24,000 kwa mwaka walikuwa wakifikishwa hospitali za Marekani kwa ajili ya ajali za matoroli, kati ya mwaka 1990 na 2011. Wengi walianguka, na wengi waliumia kichwa. Mkanda wa kiti upo kwa sababu hiyo, si pambo. Tazama siku nyingine utakapokwenda ni matoroli mangapi ambayo mkanda wake haujakatika.

Sasa tuje kwetu. Nairobi ilipata Uchumi mwaka 1975. Nakumatt, iliyoanzia Nakuru, ilivuka mipaka hadi Uganda, Rwanda na Tanzania kabla ya kufa kabisa mwaka 2020. Shoprite ya Afrika Kusini ilikuja Tanzania, nayo ikafungasha virago mwaka 2014. Hapa Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980, hatukuwa na haja ya kujadili mtoto kugusa bidhaa kwani bidhaa zenyewe hazikuwepo. Sabuni ilikuwa adimu kiasi kwamba mama zetu walifulia majani ya mpapai. Kwa hiyo duka la kuchukua mwenyewe ni geni kwa wengi wetu. Watu wengi mjini bado wananunua kwa Mangi, na kwa Mangi kaunta haijaondoka. Imeongezewa wavu wa chuma.

Huko kwa Mangi ndiko mtoto wetu alikojifunzia adabu ya dukani, na alijifunza kwa kutumwa. Mtoto wa miaka sita anashikishwa noti, anaambiwa kiberiti, chumvi, sabuni ya kipande, asicheze njiani. Anafika, anaamkia waliomtangulia, anangoja zamu, anasema, "Mangi, mama amesema unipe...", anahesabu chenji kiganjani kabla ya kuondoka, kwani ikipungua atajieleza. Yule ni mteja. Ana kazi na ana heshima yake. Mtoto huyo huyo mpeleke supamaketi umpakie ndani ya toroli: hana kazi, hatumwi, haulizwi, ni abiria. Halafu tunashangaa kwamba abiria anapiga kelele na kupangua rafu! Mimi naona wazazi wanaompa mtoto kazi ndogo, tafuta chumvi, shika mfuko wa dengu, hesabu nyanya sita, wamefanya jambo la maana zaidi kuliko wanaomfinya.

Sokoni nako kulikuwa na ufumbuzi wake. Mama anayekwenda Kariakoo au Kongowea amemfunga mtoto mgongoni kwa mbeleko. Mtoto anaona yote na hafikii kitu. Hatomasi nyanya za watu wala haweki kidole kwenye dagaa. Sisemi kwamba soko ni safi kuliko supamaketi. Nyanya zinapangwa juu ya gunia kando ya mfereji, na kipindupindu kimetuonyesha mara nyingi gharama ya mifereji hiyo. Nasema tu kwamba khanga ilifanya kazi ya kaunta.

Mwaka 2020, korona ilipoingia, tulidhani tumepata dawa. Kila mlango wa duka ukawekwa ndoo yenye bomba, na kipande cha sabuni pembeni. Watoto wakaipenda kazi ile. Walitaka kunawa wakiingia na kunawa wakitoka. Kunawa kwa sabuni hupunguza magonjwa ya kuhara kwa karibu thuluthi moja, na hilo lilijulikana kabla ya korona. Ndoo nyingi zilikauka, nyingine zikahamishiwa jikoni. Zilipokuwapo, mama aliweza kumnawisha mtoto kabla ya kumpa andazi. Pasipo na ndoo, abebe kitambaa chenye maji ya sabuni apanguse mshikio, amfunge mtoto mkanda, na kuku akae peke yake ndani ya mfuko wake, chini ya toroli, mbali na miguu na mikono ya mtoto. Na andazi lingoje nyumbani.

Limebaki la pipi. Mtu wa kupokea fedha, yule aliyewekwa na Saunders mwishoni mwa njia, ndiye aliyezaa foleni, na foleni ndiyo iliyozaa rafu ya pipi. Mama amechoka, hawezi kurudi nyuma, na mbele yake chokoleti zimepangwa kwa kimo cha macho ya mtoto, si cha macho yake. Mtoto akilia, watu humtazama mama kana kwamba ndiye aliyezipanga. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, lakini wahenga hawakuuziwa wembe kwenye foleni. Uingereza imeona ni heri kumgeukia mwenye duka, kama ilivyokuwa zamani za mapipa: tangu Oktoba 2022, sheria ya England inayakataza maduka makubwa kuweka vyakula vya sukari na mafuta mengi karibu na mahali pa kulipia. Kwetu bado zipo pale pale, na chini ya rafu, kwenye sakafu, mara nyingi utaliona ganda moja lililofunguliwa kabla ya kulipiwa.