Louis Delgrès: koloneli aliyekataa utumwa urudi Guadeloupe

Tarehe 28 mwezi wa tano mwaka wa 1802, huko Matouba, kwenye milima ya kisiwa cha Guadeloupe, askari wa Ufaransa walikuwa wanapanda kushambulia nyumba ya shamba moja kubwa. Ndani yake koloneli Louis Delgrès na watu karibu 300 walikuwa wametega baruti. Askari walipofika karibu, wakaiwasha. Nyumba ikalipuka nao ndani.

Delgrès hakuwa muasi wa porini. Alikuwa ofisa wa jeshi hilo hilo la Ufaransa. Alizaliwa Martinique mwaka wa 1766, chotara, mtu huru. Kwa ajili ya Ufaransa alipigana na Waingereza katika visiwa vya Karibi, wakamkamata na kumfunga.

Juu ya nini basi akageuzia serkali yake bunduki? Tarehe 4 mwezi wa pili 1794, bunge la Paris lilifuta utumwa katika makoloni. Guadeloupe, watu waliokuwa wanakata miwa kwa fimbo wakawa raia, na wengi wakaingia jeshini. Katika visiwa hivyo vya Wafaransa walikuwemo pia watu waliotolewa kwa nguvu kwenye pwani ya Kongo. Kwa watu kama hao, uniforme ilikuwa kama karatasi ya uhuru.

Miaka minane kisha, Napoléon Bonaparte ndiye alikuwa anatawala. Akatuma jenerali Richepance pamoja na askari zaidi ya 3.000. Walipofika tu Pointe-à-Pitre, walianza kunyang'anya askari weusi silaha. Kapiteni Joseph Ignace na wengine wakatoroka, wakaenda Basse-Terre kwa Delgrès kumwambia vile mambo yalivyo. Tarehe 10 mwezi wa tano, Delgrès akatoa tangazo ambalo hakuliandikia jenerali wala Paris: aliliandikia dunia nzima. Alisema kwamba mtu anayeonewa ana haki ya kujitetea.

Si maofisa wote weusi na machotara walimufuata. Magloire Pélage, aliyekuwa juu yake kwa cheo, alibaki upande wa Richepance na kumsaidia kupigana na wenzake wa jana. Watu wengi wanamwita msaliti, lakini ni haraka mno. Aliamini kwamba kutii sheria ndiko kutalinda uhuru. Kumbe hata yeye walimpeleka Ufaransa na kumtia gerezani.

Ngome ya Basse-Terre ilipigwa mizinga kwa siku nyingi. Usiku wa tarehe 22, Delgrès na Ignace wakatoka na watu wao, kila mmoja akashika njia yake. Ignace aliuawa siku tatu kisha, karibu na Pointe-à-Pitre. Wanawake nao walikuwa ndani ya vita hiyo. Anayejulikana zaidi ni Solitude: alikamatwa akiwa na mimba, wakangoja azae, kisha wakamuua mwezi wa kumi na moja.

Mwezi wa saba utumwa ulirudishwa. Guadeloupe ilibaki ndani yake hadi 1848.

Lakini habari ilivuka bahari. Katika Saint-Domingue, kisiwa jirani, maofisa weusi kama Dessalines na Christophe walikuwa bado wanatumikia jeshi la Bonaparte. Waliposikia yaliyofanyika Guadeloupe, waliona kwamba zamu yao inakuja. Mwezi wa kumi wakageuka. Tarehe 1 mwezi wa kwanza 1804 nchi hiyo ikajitangaza huru, ikaitwa Haiti.

Richepance hakurudi kwao. Homa ya manjano ilimuua mwezi wa tisa 1802, akazikwa ndani ya ngome ya Basse-Terre, na kwa muda mrefu ngome ikaitwa kwa jina lake. Tangu 1989 inaitwa Fort Delgrès. Kaburi la jenerali bado liko mle ndani.